Maduka Makubwa Yaliyozimwa Taa: Shajara ya Safari kutoka Michigan hadi Texas

Jumatatu, Garden City na Troy, Michigan

Safari inaanzia Garden City, magharibi mwa Detroit, kwa sababu hapa ndipo Kmart ya kwanza ilipofunguliwa tarehe 1 Machi 1962. Mwenye duka alikuwa kampuni ya S. S. Kresge, ambayo mpaka wakati huo ilijulikana kwa vijiduka vya bei ya chini katikati ya miji. Mwezi Mei mwaka huohuo Target ilifungua Roseville, Minnesota. Julai, Walmart ikafungua Rogers, Arkansas. Woolworth nayo ikaanzisha Woolco huko Columbus, Ohio. Kampuni nne katika mwaka mmoja, na zote zikajenga kitu kilekile: jengo la ghorofa moja lenye paa bapa, kuta bila madirisha, mlango wa wateja upande mmoja tu, na mbele yake uwanja wa lami wa kuegesha magari.

Duka la Garden City lilifungwa 2017. Kmart ya mwisho ya ukubwa kamili kwenye bara la Marekani, iliyokuwa Bridgehampton, New York, ilifunga Oktoba 2024.

Mtu akisimama mbele ya jengo la namna hii, kitu cha kwanza kupima ni uwanja. Kmart ya kawaida ya miaka ya 1970 ina futi za mraba 80,000 hivi, yaani mita za mraba 7,400. Halmashauri nyingi zilidai nafasi 5 za gari kwa kila futi za mraba 1,000, kwa hiyo nafasi 400. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kupitia, linakula karibu mita za mraba 30. Jumla ni mita za mraba 12,000 za lami. Anayedhani ananunua duka anajikuta amenunua uwanja wenye duka pembeni, na uwanja huo una mashimo ya mvua, nguzo za taa zilizooza miguu, na mitaro ambayo mara nyingi haijazibuliwa tangu siku ya kufunga.

Troy iko mwendo mfupi kaskazini. Makao makuu ya Kmart yalikuwa hapa. Baada ya kuungana na Sears mwaka 2005 ofisi zilihamia Hoffman Estates, Illinois, na majengo ya Troy yakakaa matupu kwa miaka mingi mpaka yalipoanza kubomolewa mwishoni mwa 2023.

Wengi hulaumu biashara ya mtandaoni kwa kifo cha Kmart. Kalenda haikubali. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2002 ikiwa na maduka zaidi ya 2,100, ikafunga takriban 600, wakati ambapo Wamarekani walio wengi walikuwa bado wananunua sabuni na soksi dukani. Kilichoiua kilikuwa cha zamani zaidi: maduka yaliyochakaa, mfumo mbovu wa kujua nini kimeisha kwenye rafu, na kubanwa na Walmart kwa bei huku Target ikiwachukua wenye kutaka vitu vya kupendeza. Kisha akaja mwekezaji Eddie Lampert, na mahesabu yakageukia ardhi. Mwaka 2015 Sears Holdings, kampuni iliyotokana na muungano wa Kmart na Sears, iliuza majengo 235 kwa kampuni ya Seritage katika mpango wa dola bilioni 2.7, halafu ikawa mpangaji ndani ya maduka iliyokuwa inayamiliki. Oktoba 2018 nayo ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Michigan ina ugomvi mwingine unaostahili kutusimamisha kidogo. Wenye maduka makubwa yanayofanya kazi walikuwa wakienda kwenye baraza la rufaa la kodi na kusema: jengo letu lithaminiwe kwa bei ambayo masanduku matupu, yaani majengo ya namna hii yaliyokwisha kufungwa, huuzwa. Wakikubaliwa, kodi ya majengo inashuka sana na mji unakosa pesa za zimamoto na maktaba. Katika kesi ya Menards (maduka ya vifaa vya ujenzi) na mji wa Escanaba, Mahakama ya Rufaa ya Michigan mwaka 2016 ilirudisha shauri nyuma, kwa sababu maduka matupu yaliyotumiwa kama mfano yaliuzwa yakiwa na masharti ya kuzuia matumizi, na bei ya kitu kilichofungwa mikono haiwezi kuwa bei ya kitu huru. Hilo la masharti litarudi tukifika Arkansas.

Jumanne, Columbus, Ohio

Kilomita 330 kutoka Detroit, mashamba ya mahindi njia nzima.

Woolco ilizaliwa hapa na ilikuwa ya kwanza kati ya zile nne kufa: Woolworth ilifunga maduka yake yote 336 ya Marekani kufikia Januari 1983. Big Lots, kampuni ya maduka ya bei nafuu, nayo makao yake yalikuwa hapahapa Columbus. Iliomba ulinzi wa mufilisi Septemba 2024 ikiwa na maduka karibu 1,400, na baada ya mnunuzi wa kwanza kujitoa, maduka 219 yalikwenda kwa Variety Wholesalers. Mengi ya hayo 1,400 hayakujengwa kwa ajili ya Big Lots. Yalikuwa majengo ya wengine waliokwisha kufa, yaliyokodishwa kwa bei ya chini. Kwa hiyo jengo likiwa tupu leo, huenda linampoteza mpangaji wa pili au wa tatu, na kila aliyepita aliacha matundu yake ukutani na nyaya zake darini.

Mikataba ya pango ndiyo inayoeleza kwa nini duka linaweza kuzimwa taa na bado halipangishwi. Vipengele viwili vya kutafuta kabla ya kuongea na mtu yeyote:

Cha kwanza kinamruhusu mpangaji kuacha kufanya biashara mradi aendelee kulipa. Mpangaji mwenye mkataba wa miaka 20 aliyehamia duka kubwa zaidi barabara ya pili anaweza kulipa pango la jengo tupu kwa miaka saba bila kinyongo, kwa kuwa pango la zamani ni dogo kuliko hasara ya mshindani kuingia pale.

Cha pili kinawahusu majirani wadogo: duka la viatu, kinyozi, mkahawa. Mikataba yao mara nyingi inasema kuwa mpangaji mkuu akiondoka, wao wanalipa pango pungufu au wanaruhusiwa kuvunja. Mwenye nyumba anapoteza mpangaji mmoja Januari, na kufikia Desemba safu nzima imekonda. Benki inayomdai haipungukiwi na marejesho hata senti moja, basi cha kwanza kukatwa ni matengenezo ya paa.

Jumatano, jengo tupu, Ohio ya kati

Mwenye jengo ametoa ruhusa ya kukagua kwa sharti kwamba jina na mtaa visitajwe. Lilikuwa duka la bei nafuu, limefungwa kwa zaidi ya msimu mmoja wa baridi. Kwenye uso wa jengo, pale herufi zilipong'olewa, rangi iliyokingwa na jua imebaki nyeusi zaidi, na jina la duka linasomeka vizuri kabisa ingawa ubao haupo.

Funguo zinakabidhiwa saa mbili asubuhi. Ukaguzi unaanzia juu.

Paa. Chini ya utando mweusi wa mpira kuna bodi za kuzuia joto, chini yake bati la migongo, chini yake kenchi za chuma zinazokaa juu ya nguzo zilizopangwa mita 9 hadi 12 kutoka moja hadi nyingine. Mteremko ni mdogo sana. Maji yanategemea matundu machache ya kushushia, na kila tundu lina kikapu cha chuma cha kuzuia takataka. Hapa vikapu viwili vimeondolewa (chuma kinauzika) na tundu moja limezibwa na majani, mpira wa tenisi na mzoga wa njiwa. Kando yake kuna dimbwi la mita 10 kwa 6, kina cha sentimita 7 katikati.

Hesabu ya dimbwi ni rahisi na inatisha. Sentimita 1 ya maji kwenye mita moja ya mraba ni kilo 10. Paa nyingi za eneo hili zilisanifiwa kubeba kilo 100 hadi 120 kwa mita ya mraba za theluji. Sentimita 10 za maji zinakula akiba yote. Isitoshe, uzito unaikunja kenchi kidogo, bonde linaongezeka, maji mengine yanakuja kujaa bonde, kenchi inakunjwa tena. Ndiyo maana karibu na tundu la kawaida kuna tundu la dharura lililoinuliwa sentimita 5. Likizibwa nalo, hakuna kengele yoyote itakayolia kabla paa halijashuka.

Mahali maji yamepenya hayaonekani kwa macho mchana. Njia inayofanya kazi ni kamera ya joto saa moja au mbili baada ya jua kuzama: bodi iliyolowa inashikilia joto la mchana kwa muda mrefu kuliko iliyo kavu, na inaonekana kama doa la mwanga. Kisha unakata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kuthibitisha, na kuziba papo hapo. Bodi zilizolowa hazikauki zenyewe. Zikizidi robo ya paa, wataalamu wengi watakuambia ung'oe lote. Usikubali fundi akuwekee utando mpya juu ya wa zamani kama tayari kuna tabaka mbili. Kanuni za ujenzi zinakataza.

Vipoza hewa vya juu ya paa. Vyote vimefunguliwa milango na koili za shaba zimekatwa kwa msumeno. Mwizi anaondoka na shaba ya dola chache, mwenye jengo anabaki na bili ya maelfu kwa kila mashine, na tundu kubwa linaloingiza mvua. Hata zingekuwa nzima, mashine za umri huu hutumia gesi ya R-22, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza na kuiingiza nchini tangu 1 Januari 2020. Usizihesabu kama mali kwenye bei ya kununulia.

Chumba cha mabomba ya moto. Hiki ndicho chumba kinachoua majengo mengi kuliko moto wenyewe. Mabomba ya vinyunyizio hukaa yamejaa maji, na yanahitaji joto lisishuke chini ya nyuzi 4. Mpangaji akiondoka, anayelipa gesi anapunguza joto, na usiku mmoja wa Januari unatosha. Barafu inapasua kiungo cha kona, hakuna kinachovuja, kila mtu anatulia. Uvujaji unakuja siku joto likirudi, mara nyingi Jumapili, na maji yanamwagika kwa presha ya bomba la mji mpaka mtu apite. Hapa kuna viungo vitatu vilivyobadilishwa, vinang'aa katikati ya bomba lenye kutu, na sakafu chini yake ina mstari wa chokaa unaoonyesha maji yalifika wapi.

Njia ziko tatu. Kulipia joto la nyuzi 5 au zaidi. Kugeuza mfumo ukae na hewa ya kompresa badala ya maji. Au kumwaga maji yote, lakini kwa kibali cha mkuu wa zimamoto na baada ya kumjulisha bima kwa maandishi, kwa sababu jengo lisilo na vinyunyizio ni jengo jingine kabisa kwenye karatasi za bima.

Na bima ina mtego wake. Mkataba wa kawaida wa bima ya majengo ya biashara Marekani unasema jengo likikaa tupu zaidi ya siku 60 mfululizo, uharibifu wa makusudi, wizi, vioo na madhara ya maji havilipwi, na hasara nyingine zinakatwa asilimia 15. Tupu maana yake ni kutumika chini ya asilimia 31 ya eneo. Hiyo inaweza kuwa sababu mojawapo ya mwenye jengo kuyakaribisha yale maduka ya mapambo ya Halloween yanayoibuka Septemba: pango lake ni dogo, ila yakichukua eneo la kutosha yanasimamisha saa ya bima. Angalia pia laini ya simu ya kengele ya moto. Inakatwa kwa bili isiyolipwa, na kengele inaendelea kulia ndani ya jengo bila kumpigia mtu.

Sakafu. Zege la sentimita 10 hadi 15, juu yake vigae vya plastiki. Vya inchi 9 kwa 9 karibu kila mara vina asbestosi, vya inchi 12 vya kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi navyo vinayo, na gundi nyeusi ya chini yake pia. Vikiwa vizima, viache na uvifunike. Ukivisaga kwa mashine umejitengenezea mradi wa kusafisha vumbi jengo zima. Taa za tubu za kabla ya 1979 zina choki zenye mafuta ya sumu. Zikusanywe kwenye mapipa yaliyoandikwa, zisitupwe na vifusi.

Harufu ya maji taka ndani ya jengo tupu inamfanya kila mgeni adhani bomba limepasuka. Kwa kawaida ni maji yaliyokauka kwenye mipindo ya mifereji ya sakafuni. Mimina lita mbili kila tundu, na juu yake mafuta ya madini kidogo yazuie kukauka. Penye baridi kali, badala ya maji tumia dawa isiyoganda ile ya magari ya kambi, si ya injini.

Alhamisi, Washington, Missouri

Siku ya barabara, kilomita zaidi ya 700. Washington, magharibi mwa St. Louis, ndipo Walmart ilipofungua Supercenter ya kwanza mwaka 1988, ikichanganya chakula na bidhaa nyingine chini ya paa moja. Hapa ndipo hesabu ya masanduku matupu inapogeuka. Kmart iliacha majengo kwa kuanguka. Walmart iliacha mengi kwa kukua. Duka la futi za mraba 80,000 halikuweza kupanuliwa hadi 180,000 bila kula uwanja wake, basi kampuni ikanunua shamba jipya kilomita mbili mbele na kulihama la zamani.

Ijumaa, Rogers, Arkansas

Kuhama huko kuna karatasi yake. Muuzaji mkubwa anapouza jengo alilolihama, anaweza kuandika kwenye hati kwamba pale pasiuzwe chakula, au pasiwe na duka la bei nafuu, au duka la dawa, kwa miaka 20 au zaidi. Sharti linafuata ardhi, si mtu. Mnunuzi wa tano analirithi. Kabla ya kulipia hata mchoro, nenda masijala ya ardhi ya kaunti uombe hati zote tangu kiwanja kilipogawanywa, usitegemee muhtasari wa dalali. Mji wenye mtaa usio na duka la mboga unaweza kuwa na jengo zuri la kuuzia mboga, lenye vyumba vya baridi na vipakulio, na lisiruhusiwe kuuza nyanya.

Walmart ilifika hadi kwetu kwa mlango wa Afrika Kusini: mwaka 2011 ilichukua asilimia 51 ya Massmart, wenye maduka ya Game. Mlimani City Dar es Salaam, Lugogo Kampala, na Garden City Nairobi (majina yamegongana tu) yote yalikuwa na Game, na mwaka 2022 Game ikaondoka Afrika Mashariki. Tofauti ni ya kimuundo. Kule duka lilikuwa chumba ndani ya jengo la wengi, lenye ulinzi, jenereta na mwenye jengo anayelala karibu; ukuta wa bloku ukipandishwa katikati kuna wapangaji wawili. Hapa Arkansas duka ni jengo zima peke yake kando ya barabara kuu, na mwenye nalo anaweza kuwa mfuko wa uwekezaji ambao haujawahi kuliona.

Wanunuzi wa kawaida wa masanduku haya ni makanisa, majumba ya mazoezi na maghala ya watu binafsi ya kuhifadhi vitu. U-Haul, wakodishaji wa malori ya kuhamia, imenunua Kmart nyingi za zamani kwa kazi hiyo ya maghala. Ghala la kusambaza bidhaa za mtandaoni, ambalo kila diwani analiwaza, halikai vizuri: dari iko mita 4 au 5 wakati maghala mapya yanataka 10 na zaidi, na nyuma kuna milango miwili au minne ya malori badala ya makumi.

Jumapili, Brownsville, Texas

Mpakani na Meksiko. Supercenter ya zamani hapa, yenye karibu futi za mraba 250,000, iligeuzwa na shirika la Southwest Key kuwa Casa Padre, makazi ya watoto wahamiaji. Juni 2018 ilikuwa na wavulana karibu 1,500. Waandishi wa habari walioingia walieleza vyumba vya kulala visivyo na milango wala dari zake, kuta zikiishia hewani chini ya paa la duka.

Ukijua jengo, unajua kwa nini. Kuta fupi ni rahisi: ukizifikisha juu lazima kila chumba kipate kinyunyizio chake, hewa yake na kengele yake. Kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ni zaidi ya mita 100, na mwanga wa jua hauingii zaidi ya mita chache kutoka mlangoni. Jengo hili linaweza kuchukua watu wengi wanaopita. Kulaza watu humo ni matumizi mabaya ya jengo, hata kabla ya kuzungumzia sera.

Jumatatu, McAllen, Texas

Kilomita mia moja magharibi, mji wa McAllen ulilinunua jengo ambalo Walmart ililihama na kulifanya maktaba kuu ya umma, iliyofunguliwa Desemba 2011. Ina takriban futi za mraba 124,000, zote sakafu moja. Wasanifu MSR wa Minneapolis, pamoja na Boultinghouse Simpson Gates, waling'oa vya ndani vyote, wakapaka kuta na dari nyeupe, kisha wakapitisha ukanda mmoja wa dari ya mbao urefu wa jengo zima. Ukiingia, jicho linafuata mbao na kujua njia iko wapi. Vyumba vya watoto, kompyuta na mikutano vinaning'inia pande zake. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kitaifa ya usanifu wa ndani wa maktaba.

Kazi ngumu katika ugeuzaji wa namna hii iko chini ya sakafu. Duka lina vyoo kona moja tu. Maktaba, shule au zahanati inavitaka mahali pengi, na bomba la inchi 4 la maji taka linahitaji kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita. La inchi 2 linataka sentimita 2. Choo kikiwa mita 60 kutoka kwenye bomba kuu, bomba linafika sentimita 60 chini zaidi ya lilikoanzia, na kama bomba la mtaa liko juu ya hapo, unahitaji shimo na pampu ya kusukuma juu, inayotaka umeme wa akiba na mtu wa kuisafisha. Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote wa kupendeza, fundi bomba apime kina cha bomba la mtaa. Kisha vyoo vipangwe kwa kufuata kipimo hicho, na zege likatwe mara moja tu, kwa mitaro mirefu iliyonyooka, ikibeba pia nyaya za umeme wa sakafuni ambazo rafu za duka hazikuzihitaji kamwe.

Kukata paa kwa ajili ya mwanga kunafuata kanuni hiyohiyo ya kutosumbua muundo: tundu la mita 1.2 kwa 2.4 linakaa kati ya kenchi mbili na linahitaji fremu ndogo tu. Ukitaka kubwa zaidi ya hapo unakata kenchi, na mhandisi ataanza kudai nguzo mpya na misingi mipya, katikati ya chumba ambacho ulikipenda kwa sababu kilikuwa wazi.